Bi. Jelimo na Kadi ya Tatu ya Bwana Manjit

Tarehe 30 Juni 1998, Bi. Jelimo Kimeli anafunga dawati lake katika tawi letu la Bungoma baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi. Aliajiriwa Kitale kama karani wa kaunta, akapanda hadi kuwa afisa wa mikopo, na tangu 1992 amekuwa nasi hapa. Wengi wenu mnamjua kwa sauti yake isiyopanda na chai yake ya tangawizi. Wachache mnajua kwa nini alihamishwa kutoka Kitale. Mimi nilikuwepo, na mpaka leo nikikumbuka nashangaa.

Tangu enzi za kaunta, wakulima waliacha foleni fupi wakapanga yake ndefu, kwa sababu aliwaeleza riba kwa magunia ya mahindi. Mkulima mmoja wa Ndalu alimsikiliza, akaondoka bila mkopo aliokuja kuomba, kisha akarudi na kuku wa shukrani. Kuku huyo alitaga kwenye stoo ya ofisi kabla meneja hajaamua acheke au akasirike.

Kadi za mkopo zilipofika Kitale mwanzoni mwa miaka ya tisini, mji mzima ulizitaka. Mtu mwenye pesa taslimu mfukoni alilipia chakula cha hoteli kwa kadi ili meza ya jirani ione. Makao makuu ya Nairobi nayo yalitaka kila tawi litoe kadi nyingi, na meneja wetu wa Kitale, Bw. Wahome, alilala na kuamka na jambo hilo.

Ndipo akaja Bw. Manjit, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mteja wetu mkubwa kuliko wote. Alikuwa tayari na kadi mbili za benki nyingine, zenye vikomo vikubwa vya kukopa. Alitaka ya tatu kutoka kwetu, yenye kikomo cha juu kabisa. Kwa kuwa zile mbili alikuwa amezitumia kidogo tu, ofisi nzima iliona maombi yake yameshapita.

Bi. Jelimo hakutia sahihi. Alimweleza kwamba anayeomba kadi mpya hapimwi kwa deni alilo nalo peke yake; anapimwa pia kwa deni analoweza kuliingia kesho asubuhi kwa kadi alizo nazo. Akamshauri arudishe kadi moja, aombe kikomo cha nyingine kipunguzwe, kisha achukue yetu kwa kiasi ambacho mauzo ya mwezi mbaya yanaweza kulipa.

"Mama, mimi nimekuja kuchukua kadi, si mahubiri," Bw. Manjit alimwambia mbele yetu sote.

"Kadi utapata, Bwana Manjit. Nataka tu uipate ukiwa unaweza kuilipa."

Bw. Wahome akamwita Bi. Jelimo ofisini kwake. Mlango haukufungwa vizuri, tukasikia. "Huyu akivuka barabara aende benki ile ingine, ni wewe utaeleza Nairobi."

"Nitaeleza," akasema, akatoka. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu shuleni. Sikuwahi kuona mfanyakazi akimjibu mkubwa wake kwa utulivu wa namna ile.

Jumamosi aliniomba nimsindikize hadi dukani kwa Bw. Manjit. Hakuzungumza naye peke yake. Aliomba mkewe, Bi. Dayawanti, aitwe, kwani ndiye aliyeshika hesabu za duka. Alieleza yale yale, polepole. Bi. Dayawanti akamgeukia mumewe. "Kama kadi yote tatu imejaa mwezi moja, sisi tunalipa na nini?"

Bw. Manjit alichukua mkasi wa kukatia mabati kutoka rafuni, akakata kadi moja vipande viwili juu ya kaunta, katikati ya misumari. Wiki iliyofuata alipunguziwa kikomo cha ile nyingine, na yetu akaichukua kwa kiasi cha wastani.

Lakini Bw. Wahome alikuwa ameshalalamika Nairobi. Januari, Bi. Jelimo akahamishiwa Bungoma. Hakunung'unika. Alitafutia watoto shule, akaja kazini.

Mwaka uliofuata, mkandarasi aliyekuwa akichukua saruji na mabati kwa mkopo dukani kwa Bw. Manjit alitoroka bila kulipa. Rafu za duka zilibaki nusu tupu kwa miezi. Jirani yake mmoja, aliyemkopesha mkandarasi yuleyule na kujaza kadi nne akijiokoa, mali yake ilipigwa mnada hadi mizani. Deni la Bw. Manjit lilikuwa lile analoweza kulibeba, naye alilibeba mpaka likaisha.

Nilikuwa nimeshahamia Bungoma walipotokea, yeye na mkewe, wakiwa wameendesha gari kutoka Kitale. Bw. Manjit alisimama mbele ya dawati la Bi. Jelimo. Bi. Dayawanti ndiye aliyesema: "Tumeleta akaunti. Sisi tunafuata wewe." Askari wa mlangoni alivua kofia, na hakuna aliyemwambia.

Bw. Wahome alipiga simu siku hiyo hiyo kumwomba Bi. Jelimo radhi, na mwezi uliofuata akaanza kuwatuma maafisa wake vijana waje kujifunza kwa Bi. Jelimo. Leo anayeomba kadi yetu, awe wa Webuye au Sirisia, huulizwa kwanza: katika mwezi wako mbaya kabisa, uliuza kiasi gani? Swali hilo ni la Bi. Jelimo. Sijui ni familia ngapi zimelala salama kwa sababu yake, na nadhani hata yeye hajui.

Asante, dada yetu, kwa kutufundisha kwamba kumkatalia mtu kunaweza kuwa kumtunza. Mvua ikukute umeshapanda, watoto wakujie mara kwa mara, na mapumziko yako yawe marefu na yenye afya.

Hasina Issack, Idara ya Mikopo, Bungoma