Ottorino Fabrizi, Mchonga Mawe Aliyekosa Mstari wa Mkewe

Marehemu Ottorino Fabrizi alizaliwa katika mji wa Veroli tarehe 14 Machi 1938, mtoto wa nne wa Mzee Biagio, mchoma mkaa, na Bi. Celeste. Alibatizwa harakaharaka siku ya tatu, kwa kuwa alidhaniwa hatapona. Aliishi miaka themanini na mmoja.

Alisoma madarasa matano tu. Mwaka 1949 alipelekwa kwa mjomba wake Gaspare, mchonga mawe ya makaburi. Kilatini alifundishwa na paroko, Padre Silverio, kila Alhamisi, na ujira ulikuwa kumpasulia kuni. Padre alitaka ajue sala. Kijana akanogewa na washairi wa kale, waliokufa miaka elfu mbili iliyopita na bado, kwa maneno yake, "wanajua ya nyumbani kwako kuliko jirani."

Alirithi karakana ya mjomba mwaka 1961 na kuifanyia kazi hadi 2016. Alikuwa na daftari jeusi lenye mistari mia mbili na kumi na mmoja ya washairi hao: ufupi wa siku, rafiki wa kweli, mali isiyomfuata mtu kaburini. Mfiwa aliketi, Ottorino akamsomea na kumfasiria polepole mpaka mstari mmoja umguse. Kwanza aliuandika kwenye jiwe kwa brashi na rangi nyekundu, akauacha juma zima utazamwe, ndipo akashika patasi.

Mwaka 1974 alikuwa na haraka, akamchongea marehemu Attilio, mchinja nguruwe, mstari aliodhani ni wa ibada. Mwalimu Iolanda Spaziani, aliyefundisha Kilatini shuleni, alimjia mbio: "Otto, umemwandikia mtu wa watu wimbo wa ulevini!" Ottorino akaenda kwa mjane kuomba radhi.

"Kwani unasemaje hasa?" mjane akauliza.

"Unaagiza mvinyo uletwe, mama."

"Basi usiuguse. Huyo ndiye Attilio wangu, hujamsingizia."

Alifunga ndoa na Nicolina Reali tarehe 29 Aprili 1962. Nicolina hakujua Kilatini wala hakukitaka. Kila siku saa saba mchana alichungulia kutoka dirishani juu ya karakana: "Otto! Chakula kinapoa!"

"Nakuja!" Na patasi ikaendelea.

"Hao wafu wako hawana haraka. Tunaozeeka ni mimi na hizi tambi!"

"Nakuja, mama Fausta, nakuja."

Kwa miaka thelathini na mitano marehemu alikula tambi za baridi. Watoto wao, Fausta na Remigio, ni mashahidi.

Nicolina alifariki tarehe 6 Juni 1997, na mtu aliyeupa mji mzima maneno akakosa ya mkewe. Jiwe lilibaki na jina na tarehe tu. Kila tarehe 2 Novemba, siku ya marehemu wote, alipaka mstari mmoja kwa rangi nyekundu, na kabla ya juma kwisha akauosha. Alifanya hivyo mara ishirini na mbili. Shemeji yake, Bi. Elide, hakunyamaza: "Hata mchinja nguruwe ana mstari, shemeji! Dada yangu ana jiwe tupu!" Mwaka 2011 Ottorino alionekana akilia pale kaburini, ndoo ya maji mkononi.

Vumbi la mawe lilikuwa limemla mapafu, na tangu 2017 alipumua kwa msaada wa mtungi wa oksijeni. Oktoba 2019 daktari alisema imebaki miezi michache. Mchana mmoja Fausta aliita kutoka jikoni, naye mzee akafunga daftari.

"Umesemaje?"

"Nasema chakula kinapoa, baba."

"Washairi wote hawa," akasema, "walikuwa wakiniambia hilo hilo. Na mama yako aliniambia kila siku, bure."

Alimwomba Mwalimu Iolanda, mwenye miaka tisini na mmoja, aliweke neno hilo la Nicolina katika Kilatini chenye mapigo ya kishairi. Tarehe 2 Novemba alilipaka jiweni. Juma likapita, hakuliosha. Remigio akimshikia mtungi, alilichonga kwa mkono wake, herufi mbili kwa siku, akamaliza tarehe 30.

Alifariki nyumbani Jumanne tarehe 21 Januari 2020, saa tisa alasiri. Ameacha watoto wawili, wajukuu watatu, Bi. Elide, na daftari.

Jiwe ni la watu wawili. Jana, Remigio alipokwenda kulisafisha, alikuta upande wa baba una neno moja la Kilatini kwa rangi nyekundu, kwa mwandiko wa mzee, maana yake: Nakuja. Litachongwa leo, bila kungoja juma.

Apumzike kwa amani, naye Nicolina ampokee kabla hakijapoa.