Bi. Arvella wa Treni ya Krismasi

Baada ya miaka thelathini na tisa ya utumishi katika Reli ya Bonde la Tackett, kondakta wetu mkuu, Bi. Arvella Stidham, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 15 Desemba. Tutamuaga saa sita mchana katika karakana ya Gilmore. Keki ya tufaha ameoka mwenyewe, kwa sababu amesema zetu hazilainiki.

Wengi mtashangaa tarehe hiyo. Treni ya Krismasi, ile inayowapelekea watoto wa bonde zawadi, inaondoka kesho yake, Jumamosi, na hakuna mtu bondeni humu anayeipenda treni ile kama yeye. Mwaka mzima alituambia angestaafu Machi ya mwakani. Ilipofika Oktoba akabadilisha, na nilipomuuliza sababu alinijibu, "Harlan, wewe endesha treni. Maswali waachie watoto." Kusema kweli niliumia. Tangu nianze kuiendesha treni hiyo, sijawahi kuondoka bila yeye nyuma.

Bi. Arvella alizaliwa Orlena, mwisho kabisa wa reli yetu, enzi za mgodi wa makaa ya mawe. Baba yake alifia mgodini wakati yeye yuko darasa la kwanza. Reli yetu ilichelewa kuliko zote kuacha vichwa vya mvuke, kwa hiyo aliuwahi ule mtindo wa zamani. Mkesha wa Krismasi, treni ya makaa ilipopita nyuma ya nyumba ya mjane, mchochea moto alikuwa "anateleza" na koleo lake, makaa yanamwagika kando ya uzio. Aliteleza na kuteleza tena, mpaka mama Stidham akawa na moto wa kumfikisha Februari. Dereva naye alirusha machungwa yaliyofungwa kwa gazeti.

Kwingine mtoto mtundu huambiwa kwamba Krismasi atapata kipande cha makaa badala ya zawadi. Mwalimu mmoja mgeni aliwatisha hivyo watoto wa Orlena. Inasemekana Arvella alinyoosha mkono na kuuliza, "Mwalimu, mtu afanye utundu kiasi gani ndio apate gunia zima?"

Alipoajiriwa hapa, mwanamke wa kwanza kwenye treni zetu, wazee wa karakana walisema hatamaliza wiki mbili. Wote wamestaafu kabla yake. Krismasi ya kwanza, mwenzetu aliyezoea kuvaa ndevu nyeupe na kugawa zawadi kama Baba Krismasi akapatwa na homa asubuhi ya safari, na koti jekundu likamwangukia kondakta mpya. Kituo cha kwanza tu, binti mmoja akasema kwa sauti, "Baba Krismasi anaongea kama mama." Arvella akamjibu, "Baba Krismasi ana mafua, mpenzi. Shika chungwa lako, wenzako wanangoja." Mwaka uliofuata mwenye ndevu alipona, lakini watoto walimkataa. Walimtaka yule mwenye mafua.

Tangu hapo treni imebadilika sana. Zamani ilikuwa behewa moja la abiria na matawi ya msonobari yaliyofungwa kwa waya. Siku hizi ina taa za rangi toka kichwa hadi mkia, muziki, na watu wanaokuja na kamera kutoka mbali. Zawadi hazirushwi tena, zinakabidhiwa mkononi, na hilo ni jema, maana chungwa lililoganda linaweza kumtoa mtu jino. Yeye hakuwahi kulalamikia taa hizo. Kitu kimoja tu hakukubali kiguswe, nacho ni kituo cha Orlena.

Orlena ni kituo cha kupungiwa. Treni husimama pale tu abiria akiwa kando ya reli na kupunga taa. Mwaka ukipita bila abiria hata mmoja, kituo kinafutwa kwenye ratiba. Mgodi ulifungwa, ikafuata posta, ikafuata shule, watu wakahama mmoja mmoja. Leo jina la Orlena limebaki limeandikwa mahali pamoja tu, kwenye ratiba yetu. Miaka ya karibuni abiria wake alikuwa Mzee Lonzo Bragg peke yake, aliyepunga kandili yake kila Krismasi, akapanda, akala, akarudishwa kwa gari akiwa amelala.

Hapa sina budi kujisema, maana Bi. Arvella mwenyewe atalisema kwenye sherehe. Mwaka wangu wa kwanza kuendesha, kila nyumba kando ya reli ilikuwa imepambwa kwa taa. Nikaiona kandili ya Mzee Lonzo, nikadhani ni pambo, nikapita. Bi. Arvella alivuta breki ya dharura. Supu ya maharagwe ikahamia kwenye madirisha. Akaja mbele akiwa na ndevu zake nyeupe, akasema kwa upole ulionitisha, "Umemwacha mtu wangu, Harlan. Rudi." Tulirudi kinyumenyume mpaka kituoni. Mzee Lonzo alikuwa bado anapunga. "Nilidhani mmepata kazi nyingine," akasema, akapanda. Tangu siku hiyo hakupamba tena nyumba yake, ili Orlena kuwe na taa moja tu na dereva mjinga asipate kisingizio.

Mwezi Mei magoti ya Mzee Lonzo yalishindwa na ngazi, na binti yake akaja kumchukua akaishi naye Ohio. Nyumba ya mwisho ikafungwa. Mwaka huu Orlena haijawa na abiria. Treni ya Jumamosi ndiyo ya mwisho ya abiria kabla ya ratiba mpya, na ofisi ya ratiba ilikwisha sema: asipopunga mtu, jina linaondoka.

Bi. Arvella alikwenda ofisini mwenyewe. Alitaka kushuka Orlena, apunge, apande tena. Wakamwambia kwa heshima zote kwamba mtumishi wa reli hahesabiwi kuwa abiria, sheria ndivyo ilivyo. Akauliza, "Na mtumishi aliyestaafu?" Wakatazamana. Wakasema huyo ni raia kama raia mwingine. Akawashukuru, akaomba fomu ya kustaafu.

Haya niliyajua juzi tu, tena kutoka kwa karani, si kwake. Miezi yake ya mwisho kazini, pamoja na safari yake ya mwisho kwenye treni aliyoipenda kuliko zote, ameviacha ili Jumamosi asimame kwenye theluji kama abiria. Sikuwa na hasira tena.

Kwa kawaida mstaafu wetu hupewa saa ya ukutani. Safari hii wenzake tumemnunulia tiketi ya Treni ya Krismasi, kutoka Orlena hadi Gilmore. Kandili hatukununua, kwani Mzee Lonzo alishamwachia yake. Na kiti cha Bi. Arvella, cha dirishani karibu na jiko la behewa, kitakuwa na chungwa lililofungwa kwa gazeti na gunia zima la makaa. Utundu ameufanya wa kutosha.

Bi. Arvella, reli nzima inakushukuru, na watoto wa bonde hili watakuulizia kwa miaka mingi. Tunakuombea afya, miguu yenye joto na pumziko refu, ukimaliza shughuli ya Jumamosi. Vaa soksi mbili, simama mahali ninapoweza kukuona, upunge. Na nikikupita, usiende popote. Kurudi kinyumenyume ulinifundisha wewe.