Kadi ya Pili Haikupimwa

Ndugu, jamaa na majirani, poleni kwa msiba na ahsanteni kwa kuvumilia jua hili, mimi ni dada wa marehemu, ndiye ninayemfuata kuzaliwa, na kabla sijaanza niseme kwamba ofisi aliyoitumikia imetuletea historia yake ikiwa imekwisha chapwa, fupi, nzuri, yenye maneno "alipitia changamoto za kikazi", ninayo hapa kwenye mkoba na itabaki humuhumu, nitakayoisoma ni ya nyumbani.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa kifungua mimba wa baba fundi saa na mama mshonaji, akasoma shule ya msingi kuanzia 1976 hadi 1982, kisha sekondari hadi 1986, kisha chuo cha ufundi, ambako mwaka 1989 mwalimu mmoja alimpotezea ripoti ya majaribio na kumwandikia sifuri, na tangu siku ile kaka akawa haandiki kitu bila kuweka karatasi ya kaboni chini yake, hata orodha ya sokoni ilikuwa na nakala, tukamwita Kaboni, naye akaitika.

Aliajiriwa fundi simu tarehe 2 Septemba 1991, akafunga ndoa tarehe 8 Agosti 1998 na muuguzi ambaye leo ni mjane wake, shemeji yupo hapa na atawaambia kwamba barua ya uchumba alipewa yeye, nakala akabaki nayo bwana, wakajaliwa mabinti wawili, na mwaka 2003 akahamia ofisi ya kumbukumbu za vizazi na vifo, kutunza seva.

Jumatano tarehe 9 Machi 2016 alikabidhiwa kazi ya kufunga ruta mpya, sanduku la chuma linaloziunganisha seva na makabati ya diski ambamo kumbukumbu zote huhifadhiwa, lenye kadi mbili, na kila seva ilipaswa kuwa na waya mmoja kwenye kila kadi, ili kadi moja ikifa nyingine ibebe mzigo. Kadi ya kwanza aliipima asubuhi, ikapita, lakini ya pili iliwasha taa nyekundu na kugoma, akaomba siku mbili, na mkuu wa kitengo, ambaye namwona safu ya pili mwenye miwani, akamjibu kwamba mgeni rasmi yuko njiani na mgeni hakuja kutazama taa nyekundu, akaagiza nyaya zote zirundikwe kwenye kadi ya kwanza na ya pili izimwe, kaka alipokataa akaambiwa mbele ya wenzake kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Basi, neno la mkuu likasikiwa, utepe ukakatwa, picha zikapigwa, na guu likavunjika vilevile, maana Jumatatu tarehe 19 Septemba 2016, saa nne asubuhi, watu wakiwa wamejipanga hadi barabarani, kadi ya kwanza iliungua, seva zote zikatengana na diski katikati ya kuandika, vyeti vya siku tisa vikavurugika, na Jumatano yake katika mkutano wa wafanyakazi wote mkuu huyo alisimama na fomu ya majaribio iliyosema kadi zote mbili zimepimwa na ni salama, yenye sahihi iliyofanana na ya kaka, akasema mzembe ni huyu hapa. Kaka alisema fomu ile hakuijaza yeye, wakacheka, nakala yake akaitafuta nyumba nzima asiione, na tarehe 4 Novemba akafukuzwa kazi, na kwa majirani pia jina lake likawa yule aliyepoteza vyeti vya watu, mpaka mabinti zake wakaacha kusema shuleni baba yao ni nani, hilo sitalisamehe na sijaombwa.

Tarehe 11 Mei 2017 alipata kiharusi, mkono wa kuandikia ukafa, akauguzwa na mkewe miezi minane na ushee, akafariki Jumamosi tarehe 3 Februari 2018, saa moja asubuhi, na cheti chake cha kifo kimechapwa jana kutoka kwenye seva zilezile.

Juzi binti yake mkubwa, akitafuta shuka la kumsitiri baba yake, alikuta chini ya kabati sanduku la vifaa, na ndani yake, imekunjwa katikati ya kitabu cha maelekezo cha ruta ile, nakala ya kaboni ya fomu ya tarehe 9 Machi, imeandikwa kwa mkono wake, "kadi ya kwanza imepita, kadi ya pili haikupimwa, sishauri mtambo uwashwe", na chini yake kuna mwandiko mwingine, "Nimeona, washa", na sahihi ya mkuu wa kitengo, ambaye alipoandika hakujua kwamba kaboni ilikuwa bado iko chini, wewe baba wa miwani, ungemuuliza yeyote hapa angekuambia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tano, majirani waliotuletea maji na viti, pamoja na mlinzi wa zamu wa ofisi ile, peke yake miongoni mwa wafanyakazi wenzake aliyekuja kumjulia hali kila Ijumaa, na tunamshukuru mkuu wa kitengo kwa kufika, tunamwomba asiondoke mapema, fomu tumeitolea vivuli mia mbili na mabinti wa marehemu wanavigawa sasa hivi kuanzia safu ya pili.

Pumzika kwa amani, Kaboni, nakala yako imeonekana.