Mikono Baridi ya Daktari Onodera

Mheshimiwa Mkurugenzi wa hospitali, waheshimiwa madaktari na wauguzi, ndugu na jamaa wa Daktari Chizuru Onodera, tunayemuaga leo anapostaafu, wageni waalikwa, habari za mchana.

Naitwa Mitsuki Kuwabara. Nikiwa na miaka tisa, hapa hapa Sendai, nilikuwa napuliza filimbi darasani, mkono wa kushoto ukalegea, filimbi ikaanguka. Wenzangu wakacheka. Siku nyingine, nikipuliza tambi za moto zipoe, bakuli likaniponyoka. Bibi akasema, "Huyu anadeka tu."

Ni nani aliyejali kuuliza nilikuwa nafanya nini kabla mkono haujalegea? Ni Daktari Onodera peke yake. "Ulikuwa unapuliza, eti?" aliniuliza, akiinama mpaka macho yetu yakakutana. Picha za kichwa zikaonyesha kwamba mishipa mikubwa ya ubongo wangu imekuwa myembamba, kulia na kushoto, na nikihema kwa nguvu, kama nikipuliza, damu ya ubongo inazidi kupungua, mkono unalegea.

"Si kuna dawa?" mama akauliza.

"Atameza, damu isigande. Lakini dawa haitaupanua mshipa. Nitachukua mshipa wa chini ya ngozi ya kichwa, niushone kwenye ule wa ubongo, damu ipate njia nyingine."

"Umpasue kichwa mwanangu?"

"Ndiyo, mama. Angekuwa wangu, ningelia kama wewe, kisha ningekubali."

Upasuaji wa kwanza, wa upande wa kulia, ulikwenda salama. Baada ya wa pili, wa kushoto, nilizinduka sina hata neno moja. Nilimwona mama, nikajua ni mama, nikashindwa kumwita. Mnaweza kufikiria hali ya mzazi yule? Daktari alimweleza kwamba ubongo umeshtushwa na damu mpya, na kwamba anaamini utatulia, ila hakumwapia. Lakini kila asubuhi alikuja, akaketi, akanishika mkono, bila kunihimiza. Asubuhi moja nikauchomoa.

"Baridi!"

"Umesema nini?"

"Mikono yako. Baridi kama samaki!"

Akaangua kicheko mbele ya wauguzi wake, machozi yakimtiririka, na mama akatoka mbio kumpigia bibi simu.

Madaktari vijana, ustadi wake wa kushona mishipa mnaujua kuliko mimi. Mimi nasifu kule kuketi kwake.

Mama yuko safu ya pili. Jana alinionya, "Usimsifu mno, ataona haya." Mama, umechelewa, tazama, keshaficha uso.

Daktari, nenda ukapumzike. Nanyi nyote, asanteni kwa kunipa masikio yenu.