Marehemu Musembi Mulwa na Majani ya Mawe

Mimi ni Kanyiva, kifungua mimba wa marehemu, na familia imenituma nisome historia hii, ingawa Mzee Ndeti, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa kanisa hili, ameniomba niifupishe, na sitaifupisha.

Musembi Mulwa alizaliwa tarehe 9 Aprili 1957 hapa Kyamutwii, akasoma hadi darasa la saba mwaka wa 1972, karo ikakosekana, na mwaka wa 1979 akaajiriwa kuwabebea sampuli wataalamu waliokuwa wakitoboa miamba yetu kutafuta makaa ya mawe, nao ndio waliomfundisha kwamba zile alama za majani kwenye mawe ya korongo lililo chini ya shamba letu ni visukuku vya enzi ya Permiani, mabaki yaliyogeuka jiwe ya miti iliyoota hapa zaidi ya miaka milioni mia mbili na hamsini iliyopita.

Alifunga ndoa na mama yetu, Katunge, tarehe 14 Desemba 1985, wakajaliwa watoto wanne, na kwa miaka zaidi ya thelathini aliokota mawe hayo na kuyapanga chini ya ghala, kila moja na tarehe yake, huku nyinyi mkimwita mwehu, wengine mchawi, na kuwakataza watoto wenu kunywa maji kwetu.

Agosti 2019, akiwa amelazwa kwa kisukari na mama akimuuguza, kamati ilikuja na nyundo, ikayavunja yote yakawa kokoto za sakafu hii mliyoikanyaga, na sakafu ikapasuka kabla ya mwaka kuisha, kwa sababu jiwe la tabaka hubanduka, halifai kwa zege, jambo ambalo angewaambia kama mngemuuliza. Hakuna aliyekuja kusema pole. Sasa mmeagiza lori la Jumatatu, mkabomoe mwamba wenyewe mzibe nyufa, mkidai korongo ni la wote, mkingoja tu azikwe. Hamna haya.

Figo zilimsumbua tangu Januari, akatuacha Jumamosi, tarehe 3 Mei 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake wa zamani waliosafiri kutoka Emali, na katika majirani Muthoki peke yake, aliyemletea uji kila asubuhi. Wengine mmekunywa chai yetu wiki nzima, hiyo inawatosha.

Marehemu aliacha wosia mmoja, nasi tumeutimiza leo alfajiri, kaburi limechimbwa ndani ya shamba letu, katikati ya njia pekee ya kushuka korongoni, na anayetaka mawe apitishe lori juu yake.

Baba, pumzika hapo kwa amani, wala usisogee.