Euphrasia Anyait na Gesi Iliyotoka Bila Kuungua

Wasikilizaji wapendwa, mlio jikoni na mlio dukani, karibuni. Leo tunamkumbuka Euphrasia Anyait wa Malaba. Ametuacha Jumatatu, akiwa na miaka thelathini na minne. Alikuwa mhandisi. Narudia, mhandisi. Na wale waliosema hiyo si kazi ya msichana wapo, wananisikia.

Mwaka 1974 Euphrasia alifanya kazi Nairobi, na kompyuta iliyojaa chumba kizima na kulishwa kadi zenye matundu. Alikuwa akihesabu jambo moja: katika injini ya gesi, ni gesi kiasi gani hutoka na moshi bila kuungua.

Huku Malaba, shangazi yake Alaso, mjane, alikuwa na mashine ya kusaga posho. Injini yake ilitumia gesi ya mavi ya ng'ombe. Lakini gesi iliisha kabla ya saa sita mchana, na kina mama wakarudi nyumbani na mahindi yao. Alaso akakata tamaa. Bwana Salim wa Busia mjini angekuja kuinunua injini mwisho wa mwezi.

Euphrasia akaipigia injini ile hesabu kwa kompyuta. Jibu: gesi inayopotea ni kidogo sana. Akaandika barua, "Shangazi, injini ni nzima. Ongeza ng'ombe."

Alaso akamjibu, "Ng'ombe nitoe wapi, kwa kompyuta?"

Basi Euphrasia akaja, akakaa siku nzima kando ya injini. Sasa mnajua mambo yetu. Hakuna mama hapa anayekubali unga wake uchanganyike na wa jirani. Debe moja likiisha, mashine inafagiwa kwanza, ndipo mwingine anamimina. Muda huo wote injini inanguruma bila kazi. Gesi inapungua, lakini hewa inaingia ileile, na moto unazimika kabla ya kuimaliza gesi. Inatoka hivyo hivyo kwenye bomba.

Kompyuta ilikuwa imeambiwa injini inasaga bila kupumzika. Nani aliiambia? Euphrasia mwenyewe, aliyekula unga wa mashine hiyo tangu utotoni.

Kaka yake, Omagor, alikuwepo. Ameniambia: "Alisimama mbele ya wamama na debe zao, akasema, 'Nimekosea mimi. Si ng'ombe.' Mimi ndio niliona aibu. Yeye hata kidogo."

Alirudi Nairobi, akatoboa kadi upya, akahesabu na zile dakika za kufagia. Theluthi moja ya gesi ilikuwa inapotea. Theluthi moja, wasikilizaji. Akachora kibati cha kupunguza hewa pamoja na gesi, na fundi Edris wa huku Malaba akakikata siku hiyo hiyo barua yenye mchoro ilipofika. Kuanzia hapo mashine ikasaga mpaka jioni. Bwana Salim alipokuja na lori, Alaso alimpa chai, akamrudisha na lori lake tupu.

Jana nilimkuta Mama Alaso pale matangani. Alisema: "Wasomi wengi wamekuja kunifundisha. Huyu peke yake ndiye alirudi kuniambia amekosea."

Kwa Mama Alaso, kwa Omagor na jamaa yote ya Anyait, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi, na tunamjivunia pamoja nanyi.

Nanyi wasikilizaji, fikirini: ni nani anayengoja kusikia neno hilo, "nimekosea", kutoka kwako? Mimi ninaye, yuko Alupe, na ni miaka sita sasa. Nikitoka hapa studioni, naenda kwake.