Makuti ya Kwenda Ngazija

KUHUSU: UFAFANUZI WA MAKUTI YALIYOSHONWA, IDADI ELFU MOJA (1,000), YANAYOKUSUDIWA KUPELEKWA NJE YA NCHI

Ndivyo barua ilivyoanza, na Uthman, tumwitaye Redio, aliisoma mara mbili, ya pili akiwa amesimama. Ilikuwa mwaka 1983, Takaungu, baada ya Alasiri, kwenye benchi letu kando ya jiko la Baya muuza kahawa. Wiki kadhaa nyuma tufani ilikuwa imepiga Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro. Mahfudha, dada wa mwenzetu Muhidin, aliyeolewa kule, aliandika kwamba yu hai, watoto wote wapo, nyumba haina paa, na minazi yao arubaini imelala chini yote. Benchi likaapa kumwezekea. Sasa ofisi moja ya Mombasa ilitaka kujua: makuti ni mazao ya shamba, vifaa vya ujenzi, ama kuni?

MUHIDIN: Kuni! Dada yangu anyeshewa, wao wauliza kuni!

REDIO: Tulia, yakhe. Tuwaandikie ni nguo. Nguo ya nyumba.

GONA (mgema wa Tezo, kijiji cha jirani): Lakini mbona tufani haifiki huku kwetu?

REDIO: Nimesikia ni mambo ya mistari ya ramani.

MUHIDIN: Bahari ina mistari?

GONA: Ni minazi yetu, bwana. Upepo ukiiona ilivyosimama, wazunguka.

REDIO: Kwa hivyo ya Ngazija ilisimama vibaya?

BAYA: Si minazi, ni mshono. Kuti la Takaungu upepo haupati pa kushika. Mwaka ule wa upepo mkali bati la ofisi ya chifu lilikwenda mpaka kwa mbuzi wa watu. Paa la mamangu lilitikisika? Halikutikisika!

GONA: Basi tukiwaezekea kwa makuti yetu, tufani hairudi Ngazija tena.

REDIO: Haya, naandika! Si mazao, si kuni. Ni kinga ya taifa.

Alikuwa ameshafungua kalamu alipofika Monicah, mwalimu mgeni kutoka bara, kununua kahawa, akasimuliwa yote.

MONICAH: Shikamooni. Hayo makuti hukaa miaka mingapi?

GONA: Marahaba, mwalimu. Ya wengine mitatu. Yetu sisi, minne!

MONICAH: Na yakishaoza, huyo mama atakata mengine kwenye mnazi gani?

Baya alimimina kahawa ambayo hakuna aliyeiagiza. Redio akafunga kalamu. Muhidin akamgeukia Gona.

MUHIDIN: Gona, ile minazi aliyoiacha babako…

GONA: Kesho asubuhi naikwea. Lakini nachagua mwenyewe. Nazi ya Tezo haivuki maji kwenda kuniaibisha.

REDIO: Na ofisini tutasema ni nini?

BAYA: Nazi.

Barua ile haikujibiwa. Muhidin alisafiri na nazi mia tatu za mbegu, zilizoandikwa chakula cha njiani, na bandarini hakuna aliyeuliza mtu mmoja hula nazi ngapi. Mabaharia walikula ishirini na tatu. Mahfudha, ambaye paa lake lilikuwa bado turubai, alizipanda zilizobaki. Alipotuandikia tena, mia mbili na kumi zilikuwa zimechipua.